Kupiga Picha Safarini



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kupiga picha safarini. Yamkini mtu atasema moyoni mwake, "Hayo ni mambo ya watalii wenye fedha, sisi yatuhusu nini?" Lakini na afikiri kidogo. Siku hizi ni shida kuona gari la abiria liendalo mbali lisilobeba simu nyingi zenye kamera. Watu huenda arusini, huenda matangani, huenda kumtazama mtoto aliye shuleni mbali, na karibu wote hurudi na picha. Basi wakifika nyumbani na kuzifungua ili jamaa wazione, mara nyingi mambo huwa hivi: mlima uliowashangaza njiani umekuwa kama kichuguu, bahari imelala upande kama maji katika sinia iliyoinuliwa, na uso wa shangazi haujulikani, kinachoonekana ni meno yake na ushungi wake mweupe.

Kwa kawaida lawama huangukia chombo. "Simu yangu ni ya bei ndogo," mtu husema. Sisi tufundishao katika chuo cha ualimu huwachukua wanafunzi wetu kila mwaka kwenda kutazama mahali penye mambo ya kale, na tukirudi huzibandika picha zao ukutani bila majina, ili wote wazihukumu. Hatujaona kwamba simu za bei kubwa ndizo zishindazo. Hushinda wale waliojua nuru, na wale waliojua kukaa na watu. Hayo mawili ndiyo tutakayoyasema leo. Mengine tutayagusa tu.

Kwanza, lenzi na iwe safi, yaani kile kijicho cha kioo kipitishacho nuru. Simu hukaa mfukoni pamoja na vumbi, tena hushikwa kwa vidole vilivyotoka kula vitumbua, kisha mtu hustaajabu kuona picha yake ina ukungu. Kifute kijicho hicho kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu. Jambo hili ni dogo, walakini limeponya picha nyingi.

Sasa tuje kwenye nuru yenyewe. Nchi zetu ziko karibu na ikweta, kwa hiyo jua letu lina tabia yake. Vitabu vingi vya kufundisha kupiga picha vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua hupanda kwa mshazari, na jioni nuru yake ya dhahabu hukawia. Kwetu sisi jua hupanda wima kama mkwezi wa minazi. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa. Basi jua likichomoza saa 12 asubuhi, hata kufika saa 3 limekwisha kupanda karibu nusu ya njia ya kwenda utosini, na ikifika saa 6 limesimama juu ya vichwa vyetu. Wakati huo nuru huangukia paji la uso na ncha ya pua, na macho huwa mashimo mawili meusi. Hata msichana mwenye sura ya furaha huonekana kama mzee aliyekasirika. Na jioni, jua likiisha kuzama, mwanga uliobaki haumalizi nusu saa.

Kuna kipimo kisichohitaji saa wala chombo cho chote. Simama juani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko kimo chako, piga picha za watu na za majengo, maana nuru yatoka upande na kuingia machoni. Kikiwa kifupi kuliko wewe, usiwapige watu juani. Waombe waingie barazani, au wasimame mlangoni mwa nyumba, ndani kidogo ya mpaka wa kivuli, nyuso zao zikielekea nje. Hapo nuru ya anga, na ile irudiyo kutoka mchangani, huwafikia taratibu bila kuwachoma. Chini ya mwembe nako kwafaa, ila jihadharini na madoa ya jua yapitayo kati ya majani, ambayo huufanya uso kuwa kama ngozi ya chui.

Hapa twafika kwenye jambo linalotuhusu hasa sisi watu weusi. Kamera haijui inachotazama. Hupima nuru yote iliyo mbele yake, ikatafuta wastani wake, ikafanya picha isiwe na weusi mno wala weupe mno. Basi ukimsimamisha babu yako mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au mbele ya mawingu meupe, kamera huona weupe mwingi, hudhani nuru imezidi, nayo huipunguza. Ukuta hutoka vizuri sana. Babu hugeuka kivuli. Watu hutazama picha hiyo na kusema, "Ndiyo rangi yetu, haipigiki." Maneno hayo si kweli, tena ni mabaya kumwambia mtoto.

Tena liko jambo la historia ambalo yafaa lijulikane. Filamu za rangi zilipoenea katikati ya karne ya 20, watu wa viwanda na wa nyumba za kusafisha picha walilinganisha rangi zao kwa kutazama kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi ya mwanamke yule ikionekana vema, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa. Huko Marekani wazazi weusi walinung'unika kwamba katika picha za darasa nyuso za watoto wao zilipotea kando ya nyuso za wenzao weupe. Lakini malalamiko yaliyosikilizwa zaidi, katika miaka ya 1970, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri katika matangazo! Baadaye filamu zilitengenezwa upya, na kamera za simu nazo zimeendelea kurekebishwa. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu iliyotangazwa kwamba imetengenezwa ili ipige ngozi nyeusi kwa haki zaidi.

Lakini msingoje kiwanda. Mpige picha mtu mweusi mbele ya kitu kisicho cheupe: ukuta wa udongo, mlango wa mbao, migomba, nyavu zilizoanikwa. Kisha gusa uso wake katika kioo cha simu, ili kamera ipime nuru ya uso na siyo ya mbingu. Katika simu nyingi hutokea alama ndogo ya jua, nawe waweza kuivuta juu kwa kidole mpaka uso upate mwanga unaostahili. Ikiwa mbingu itakuwa nyeupe tupu kwa sababu hiyo, haidhuru. Hukusafiri ili kupiga picha ya mbingu. Na ikiwa bado uso una giza, tafuta kitu cheupe kiurudishie nuru kutoka chini. Mwanafunzi wetu mmoja alimpa mtoto gazeti alifungue magotini kama asomaye. Mwanga ukaruka kutoka karatasini, ukamwangaza kidevu, mashavu na macho, na picha ile ikawa nzuri kuliko zote za mwaka ule. Taa ya simu yenyewe si dawa. Usiku humulika ngozi ikang'aa kama iliyopakwa mafuta, na watu huonekana kama waliokamatwa wakiiba.

Na tuchukue safari moja iwe mfano wetu, nayo ni ya Kilwa Kisiwani. Kutoka Dar es Salaam gari hupita njia ya kusini na kuvuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo urefu wake wakaribia kilometa moja. Hapo kila mtu hutaka kupiga picha dirishani. Yafaa mjue kwamba vitu vilivyo karibu na barabara vitakimbia na kuwa michirizi. Vilivyo mbali, kama mto na misitu, vyaweza kutoka vizuri. Sogeza simu mpaka karibu iguse kioo cha dirisha, ili sura yako mwenyewe isionekane ndani ya picha, na usitoe mkono nje kabisa. Sisi huwaambia wanafunzi waweke simu mfukoni na kutazama tu, mpaka gari lisimame Nangurukuru, penye njia panda.

Kutazama ni kazi. Mwaka 1860 James Grant alifika Unguja pamoja na John Speke, wakiwa tayari kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Alikuwa na kamera ya siku zile, nzito, na alipiga picha mjini. Lakini huko mbele aliiacha, akachora kwa mkono. Mtu achoraye hana budi kukaa mbele ya kitu mpaka akijue. Mwenye simu halazimishwi na kitu cho chote, kwa hiyo na ajilazimishe mwenyewe. Asimame, ahesabu hata 20, ajiulize kimempendeza nini hasa, kisha apige hicho na aache vingine.

Kutoka Kilwa Masoko watu huvuka kwenda Kisiwani kwa mashua. Chombo kikitikisika, ketini. Bana viwiko vyenu mbavuni, mshike simu kwa mikono miwili, na mbonyeze kwa upole mawimbi yanapotulia. Mstari wa bahari na uwe sawa, kwa sababu maji hayapandi kilima. Wala msiuweke katikati ya picha kila mara. Kama mawingu ni mazuri, yapeni nafasi kubwa. Kama hayana kitu, yapeni ukanda mdogo juu, na nafasi iliyobaki iwe ya maji na ya tanga. Nanyi mnaotaka kukikaribisha kitu kwa kuvuta vidole viwili juu ya kioo, acheni. Katika simu nyingi huko si kukikaribia kitu, bali ni kuikuza picha mpaka iharibike. Tumieni miguu, na mkiwa majini, subirini.

Kisiwani mna magofu ya mji uliokuwa na nguvu kabla ya Wareno kufika. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu uzuri wake, na mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, katika orodha ya urithi wa dunia. Wanafunzi wakifika Msikiti Mkuu husimama wote mahali pamoja, hurudi nyuma mpaka jengo zima liingie katika kioo, hupiga, kisha huuliza maji ya kunywa yako wapi. Ukizitazama picha zao nyumbani huwezi kujua kama ni msikiti wa wafalme au ni nyumba iliyoanguka jana. Ukubwa hauonekani mpaka kuwe na kitu cha kuupimia. Mwombe mwenzako asimame katika upinde mmoja, mbali na wewe, na mara hiyo mtazamaji atajua kimo cha ukuta. Ndivyo ilivyo hata kwa Kilimanjaro: mlima wenye meta 5,895 huwa kichuguu katika picha kwa sababu hapana mgomba wala nyumba wala mtu mbele yake wa kulinganishwa nao.

Kisha karibia. Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na asubuhi, nuru ikija kutoka upande, kila kitundu cha jiwe hupata kivuli chake, hata utadhani waweza kukigusa. Saa 6 mchana ukuta ule ule ni bapa kama karatasi. Ndani, chini ya kuba, giza la kivuli na ukali wa jua la nje haviwezi kukaa katika picha moja, chagua. Ukiligusa jiwe la ndani katika kioo, nje patakuwa peupe tupu. Ukigusa nje, nguzo zitakuwa nyeusi, na mtu apitaye mlangoni atakuwa umbo jeusi tu, jambo ambalo pengine lapendeza sana, mradi umelikusudia. Huko Husuni Kubwa, kwenye birika lenye pande nane, wengi hulipiga picha kwa kulisimamia ukingoni wakapata upande mmoja. Inueni mikono juu ya vichwa, simu ikitazama chini, nanyi mtazihesabu pande zote.

Hayo yote hufundishika kwa siku mbili. La watu ni gumu zaidi.

Katika safari moja ya huko tulimkuta mzee mmoja pwani, si mbali na Gereza, akishona nyavu katika kivuli cha mashua iliyopandishwa mchangani. Mwanafunzi wetu mmoja aliinua simu kutoka mbali. Tulimwambia aishushe, aende kwanza kumwamkia.

"Shikamoo babu," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwatoka wapi?"

Akamweleza, kisha akamwomba ruhusa. Mzee hakuacha kushona. Akasema, "Mimi nimepigwa picha nyingi mno, mjukuu wangu. Nadhani zaweza kujaza chumba. Lakini sijaiona hata moja. Bibi yako naye alipigwa, anateka maji, na wageni waliokuja na chombo, zamani. Sasa amekufa. Wao huko kwao wanaye. Mimi hapa sina."

Mwanafunzi aliitia simu mfukoni akaketi mchangani. Mzee akamwonyesha jinsi ya kufunga fundo la wavu, na jinsi ya kuupima ukubwa wa jicho lake, na walikaa hivyo mpaka sisi wengine tulipokwisha kuzunguka Gereza lote. Mwishowe mzee mwenyewe akasema, "Haya, piga. Lakini niletee." Picha ile haikuwa na hila yo yote. Mikono na nyavu mbele, uso umeinuka kidogo kuelekea mwanga wa mchanga, na ubao wa mashua nyuma, mweusi. Jioni ile ile tuliisafisha katika studio ndogo Masoko, na asubuhi tukamkabidhi nahodha aliyetuvusha ampelekee. Nahodha alipiga simu siku ya tatu. Alisema mzee ameigeuza nyuma na mbele, kisha ameuliza kama wale wageni wa zamani nao waweza kutafutwa.

Hatukuwa na la kumjibu. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo ya picha, aghalabu mgeni ndiye aliyepona, akaenda zake.

Kwa hiyo, yeyote atakayempiga mtu picha safarini na aamkie kwanza, aombe, na akikataliwa ashukuru. Asimpige mtoto bila mzazi wake au mwalimu wake kujua. Asiwapige wanaosali wala waliofiwa, hata kama nuru ni nzuri namna gani, na maeneo ya jeshi ayapite na simu mfukoni, maana hapo kosa lake litakuwa mbele ya sheria. Kuhusu kutoa fedha, watu hawapatani. Sisi hatupendi sarafu itangulie salamu, kwa sababu baada ya hapo watoto huacha kucheza wakaanza kupanga mstari kila wamwonapo mgeni. Lakini fundi au mchuuzi aliyeacha kazi yake saa nzima kwa ajili yako, lipa saa yake. Na kila aliyekubali apate picha yake. Usimwahidi ikiwa hutapeleka. Andika jina lake na njia ya kumfikia pale pale, katika daftari, kabla ya kuagana, na ukifika mji wenye studio ya kusafisha picha, ishughulikie hiyo kabla ya kununua maandazi ya njiani.

Safisheni na zenu pia. Simu huanguka kisimani, huibwa, hufa tu bila kuugua. Bwana Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na watu wameijua Unguja ya siku zile, mitaa yake na nguo zake na nyuso zake, kwa sababu picha za studio ile zilichapwa katika karatasi na kutunzwa. Mkirudi safarini na picha 300, chagueni 10. Hizo 290 hakuna atakayezitazama, hata ninyi wenyewe. Hizo 10 zitieni katika karatasi, kisha nyuma yake andikeni kwa penseli laini, pasipo kukandamiza, jina la mtu na la baba yake, mahali, siku na mwaka. Msiandike "mzee wa Kilwa" wala "mama muuza samaki." Muulizeni jina lake pale pale, nanyi mmeketi naye, na kama hamjui liandikwavyo, mpeni penseli aliandike mwenyewe.

Muda wetu umekwisha. Kwaherini.